Nguo Iliyokwisha Kumalizana na Maji

Kazi ya miezi miwili niliiua kwenye beseni moja la maji. Nilikuwa nimechutama uani kwa Khala, mama aliyekuwa akinifunza kushona, katika kijiji kimoja upande wa Nanoor, wilaya ya Birbhum, Bengali Magharibi nchini India, naifua kantha yangu ya kwanza, ile nguo ya tabaka kadhaa ambayo Wabengali huishona kwa mkono, ili niikaushe, niikunje, niipeleke Unguja. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba na nilitaka mwanawe alazwe juu ya kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nilipoizamisha tu, ua la yungiyungi nililolishona katikati kwa uzi mwekundu likaanza kuchuja. Nikaiopoa haraka, na kuiopoa ndiko kulikoharibu zaidi, maana maji mekundu yalishuka kutoka katikati hadi pindoni yakaacha michirizi kila yalipopita. Nikaisuuza mara ya pili, mara ya tatu, nikatia na chumvi. Weupe haukurudi.

Khala aliacha mchele aliokuwa akiupepeta, akaja, akaishika pembe kwa vidole viwili, akaifikicha. "Notun?" akauliza. Mpya? Nikamwambia ndiyo, mpya. Kitambaa nimekinunua Bolpur, uzi nimeununua Bolpur, tena ule wa bei. Akaifikicha tena. Bado ilikuwa ngumu, wanga wa kiwandani haujatoka. Akaniambia, kwa kile Kibengali cha polepole alichokuwa akinisemesha kama mtu anayemlisha mtoto tonge, kwamba nguo mpya haijamalizana na maji. Itachuja, itarudi iwe fupi, kila uzi utavuta kwake. Kantha hushonwa kwa nguo iliyokwisha kumalizana.

Jambo hilo nilikuwa nimelisoma kabla sijamjua Khala. Kila anayeandika habari za kantha huanzia hapo: kwamba ni kazi ya matambara, na kwamba hata neno lenyewe asili yake ya Kisanskriti ni vitambaa chakavu. Nililisoma nikalichukua kuwa ni habari ya umaskini. Waliotumia nguo kuukuu walizitumia kwa kukosa mpya, na mimi niliyeweza kununua mpya ningefanya kizuri zaidi. Hilo ndilo kosa nililokwenda nalo, na lilichukua karibu mwaka mzima kunitoka.

Nilifika Birbhum kwa ufadhili wa masomo, kwenye chuo cha Visva-Bharati alichokianzisha Rabindranath Tagore mwaka 1921 pale Santiniketan, kando ya mji wa Bolpur. Udongo wa huko ni mwekundu, na Jumamosi watu humiminika kwenye gulio la msitu wa Sonajhuri, ambako kina mama hutandaza chini ya miti sari, shali na mito waliyoishona. Hapo ndipo nilipomsikia mama mmoja akitaja "nokshi kantha", nikasimama. Mimi nimekulia Mji Mkongwe. Nakshi kwangu ni milango: ule mnyororo unaozunguka fremu, yale maua na samaki, na fundi akichonga tunasema anatia nakshi. Kumbe neno ni moja. Limetoka kwenye Kiarabu, likatufikia sisi kwa bahari, likawafikia wao pamoja na Kiajemi cha watawala wao wa zamani. Sisi tukalitia kwenye mbao, wao wakalitia kwenye nguo. Baadaye nikawa nayaokota mengine njiani: dokan ni duka, hishab ni hesabu, khobor ni habari, gari ni gari. Na Waislamu wa huko humwita dada wa mama khala, jirani kabisa wa halati tunayoisikia kwa wazee wetu. Kwa hiyo yule mama, aliyekuwa akiuza mito miwili na shali moja, nilimwita Khala siku ileile ya kwanza na ulimi haukukwama. Yeye akaniita "ma". Ndivyo Wabengali wanavyomwita binti kwa mapenzi, mama, kama bibi yangu alivyokuwa akiniita mimi nikimpelekea maji ya kutawadhia.

Siku ya pili baada ya lile beseni alitoa sanduku la bati kutoka mvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na sari za pamba za mama mkwe wake, marehemu: nyeupe, nyembamba, za ujane, zenye pindo jembamba la rangi, zimefuliwa miaka na miaka mpaka ukiinua moja mbele ya uso unamwona aliye upande wa pili. Aliniwekea moja mapajani bila neno. Siwezi kuueleza ulaini ule kwa mtu ambaye hajaugusa, ila najua ni nani ataelewa: kila aliyewahi kupokea mtoto mchanga kwetu. Hakuna bibi wa Unguja anayemfunga mtoto mchanga kwa kanga iliyotoka dukani leo. Kanga mpya huvaliwa na mzazi. Ya mtoto hutafutwa kabatini, ile iliyolegea, hukatwa winda, na mama yangu alinizaa na kunilaza humo. Nilikuwa najua. Nilikwenda maili elfu tatu na kitu ng'ambo ya bahari nikiwa najua, halafu nikanunua kitambaa chenye wanga.

Kule pia mtoto hulazwa juu ya kantha ya nguo kuukuu, na wapo wanaosema jicho la husda halimtazami aliyelala juu ya matambara. Ngozi yake laini haichubuki, hilo Khala alilitaja kwanza.

Sari ya pamba huwa na urefu wa kama mita tano na nusu. Ukiikata vipande vitatu ukavipandanisha, una lihafu la tabaka tatu la kumfunika mtu mzima, na la baridi kali huongezwa sari ya pili. Kwa mtoto sari moja yatosha na hubaki. Tulipiga deki sakafu ya baraza, tukaiacha ikauke, tukatandaza tabaka ya kwanza. Khala alipitisha kiganja kutoka katikati kwenda nje, tena na tena, kama mtu anayesukuma maji, mpaka hakuna mkunjo. Ndipo ya pili, ndipo ya tatu. Pembeni aliweka matofali na jiwe lake la kusagia viungo ili zisihame. Tukashona kingo nne, tukapiga mistari michache ya bandi ndefu katikati kushika tabaka pamoja, na baada ya hapo kitu kizima kikawa cha kukunjwa na kuchukuliwa popote. Hakuna fremu wala meza. Mvua ya masika yao, Juni hadi Septemba, ndiyo iliyokuwa ikiwakalisha wanawake barazani, na kantha nyingi zimezaliwa mvua ikinyesha.

Kisha uzi. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo niliposadiki.

Pindo la sari huitwa par, na ndimo wazee walimotoa nyuzi za rangi. Unakata ukanda wa pindo. Unachokoa ukingo wake kwa ncha ya sindano mpaka uzi mmoja unyanyuke, unaushika kwa kucha, unauvuta huku kiganja cha pili kimekandamiza kitambaa. Ukiwa na haraka unakatika. Ukiutuliza unatoka mzima, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa msuko, na unaukumbuka mfumo uliotoka. Uzi mmoja hautoshi, ni mwembamba. Hushikanishwa miwili au mitatu, hupakwa mate kidogo kwenye ncha, huingizwa tunduni. Nilichokoa siku tatu kabla sijapiga bandi hata moja. Na siku ya tatu, nimeushika ule mwekundu uliofifia, nikaelewa mwenyewe bila kuambiwa: uzi huu hauwezi kuchuja. Kila kilichokuwa cha kuchuja kimekwisha kwenda na maji, mikononi mwa mama mkwe wa Khala, kisimani, miaka thelathini. Kilichobaki ndicho rangi yake ya kweli. Umekwisha kurudi kiasi cha kurudi. Umeaminika.

Siku hizi karibu kila mtu hununua uzi wa dukani, naye Khala hununua, na hakuna ubaya ukiulowesha kwanza na kuujaribu. Lakini tangu siku ile sijawahi tena kuiona kazi ya matambara kuwa ni kazi ya kukosa.

Mshono wenyewe ni bandi. Wabengali huuita phor, lakini mkono wa fundi cherehani yeyote wa Darajani unaujua: sindano inazama, inaibuka, inazama, inaibuka. Kwetu bandi ni mshono wa kupita, hupigwa kushikiza nguo kisha ikashonwa kwa mashine na bandi ikafumuliwa. Kule bandi ndiyo kazi. Kwa mshono huo mmoja hujaza ua, samaki, mashua, tembo, tausi, mti wenye matawi pembe nne, na lile yungiyungi la katikati ambalo mara nyingi hushonwa kwanza. Na baada ya picha zote kwisha, ndipo kazi kubwa inapoanza, ambayo mgeni haioni: uwanja. Nafasi yote nyeupe iliyobaki baina ya picha hujazwa bandi nyeupe juu ya nguo nyeupe, mistari ikifuata umbo la ua kama mawimbi yanavyolizunguka jiwe, mpaka nguo inafanya vijikunjo vidogovidogo kama maji ya pwani upepo wa kusi unapoyagusa. Vijikunjo hivyo ndivyo vinavyoijulisha kantha. Ndivyo pia vinavyoshika tabaka chakavu zisichanike, kwa sababu uzito hauangukii uzi mmoja, unagawanywa kwa maelfu.

Uwanja ulinishinda kwa majuma. Sababu yake niliijua baadaye. Bibi yangu alishona kofia za viua, na mimi nilianza kumsaidia nikiwa na miaka tisa. Kiua ni kitobo, na kitobo kinataka uzi ukazwe mpaka kisimame, bila hivyo kofia inalegea. Mkono wangu ulifunzwa kukaza. Kwenye kantha, kila nilipokaza, nguo ilijikusanya ikawa kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Khala alikuwa akifumua. Hakunigombeza hata siku moja, ila alifumua, mstari baada ya mstari, kwa kitako cha sindano, ananirudishia uzi. Alinikatia uzi kuanzia ncha za vidole hadi kiwikoni, si zaidi, maana mrefu hujifunga mafundo na kuchakaa kwa kupita nguoni mara nyingi. Alinionyesha kuchukua bandi nne tano kwenye sindano kabla ya kuvuta, kuvuta mpaka uzi ulale, na kuacha hapo. "Ulale," alikuwa akisema, "usibanwe." Fundo la mwanzo huzamishwa katikati ya tabaka lisionekane upande wowote, na kwenye kantha nzuri kweli ukigeuza nyuma unaona ua lilelile.

Kwa mtoto tulichagua lihafu dogo. Lakini kantha ni nyingi kuliko malihafu. Kuna lep ya kujifunikia wakati wa baridi, kuna sujni ya kutandika, ason ya kumkalishia mgeni au kukaliwa wakati wa ibada ya Wahindu, foronya, rumal ndogo kama leso ya mfukoni, na arshilata, ambayo ni ya kufungia kioo na kitana. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote.

Kabla sijaondoka nilikwenda Joka, kusini mwa Kolkata, kwenye makumbusho ya vitu alivyovikusanya Gurusaday Dutt (1882 hadi 1941), ofisa wa serikali aliyekuwa akiokota sanaa za vijijini wakati wasomi wenzake hawazithamini. Humo mna kantha ya karne ya 19 ya mwanamke aitwaye Manadasundari. Aliishona kwa ajili ya baba yake, na akaandika hayo kwa uzi ndani ya kazi yenyewe. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mtu wa kwetu hawezi kuona nguo iliyoandikwa asisimame. Tumezoea kanga kusema. Lakini jina la kanga limepigwa chapa, limenunuliwa na elfu moja. La Manadasundari limeandikwa na yeye, herufi kwa herufi, kwa baba mmoja. Kantha nyingine za zamani ziko mbali zaidi, Philadelphia, Marekani, zilizokusanywa na Stella Kramrisch, mwanahistoria wa sanaa ambaye kabla ya hapo aliwahi kufundisha palepale Santiniketan. Nyingi zinatajwa kutoka Jessore, Faridpur, Rajshahi na Mymensingh, mahali ambapo leo ni Bangladesh. Bengali iligawanywa mwaka 1947, na mwaka 2008 India iliandikisha jina la Nakshi Kantha kuwa ni mali ya Bengali Magharibi. Sina haja na ugomvi huo. Mishono niliyoiona inafahamiana pande zote mbili za mpaka.

Ninalotaka kulisema ni la malipo. Kazi iliyokuwa ikimlisha Khala haikuwa matambara. Ilikuwa sari za hariri ya tasari, mpya, zilizoletwa na dalali kwa pikipiki pamoja na uzi wake. Michoro huja kwenye karatasi iliyotobolewa kwa sindano. Hupakwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na unga wa rangi, na nukta zinashuka kwenye hariri. Wanawake watatu wanne wa nyumba moja huigawana, kila mmoja upande wake, na sari moja inaweza kula miezi minne au sita. Tulipokaa siku moja tukaigawa pesa ya dalali kwa siku walizofanya kazi, mimi na kalamu, yeye na vidole, ilitoka chini ya bei ya samaki wa mlo mmoja. Alikuwa anajua. Alinionya nisimwonyeshe mkwewe ile karatasi. "Hii ya kula," akasema akishika hariri, "ile ya kulalia." Sari hizo dukani Kolkata nimeziona, na bei yake nimeiona.

Huko huko mjini, katika duka moja lenye viyoyozi, nilinunua shali nikaambiwa ni ya mkono. Khala aliigeuza nyuma mara moja akanirudishia. Ilikuwa ya mashine. Tangu hapo nimejifunza kutazama, na ningependa kila anayenunua atazame: geuza nyuma. Bandi ya mkono ina uzi mmoja, unaozama na kuibuka, kwa hiyo nyuma kuna mapengo kama mbele, na urefu wake hautoshani kwa sababu mkono hupumua. Mashine hutumia nyuzi mbili zinazokabana, mstari hauachi pengo, na kila mshono ni sawa na ndugu yake. Ukinunua ya mashine kwa bei ya mkono, aliyeibiwa si wewe peke yako.

Kantha ya pili nilifika nayo katikati, na Januari ikaingia na ukungu wake. Asubuhi nilikuwa nikijitanda kanga ya bibi yangu mabegani. Nilikuja nayo kutoka nyumbani, upande mmoja wa doti yake, umefifia mpaka maandishi yake, Wema hauozi, unayasoma kwa kukisia. Khala alikuwa akinipa chai. Akakamata ncha ya kanga, akaifikicha kwa vidole vilevile viwili.

"Hii imemalizana," akasema.

Aliniuliza maandishi yanasemaje. Nikamfasiria. Akataka nimsomee kwa Kiswahili, mara mbili. Halafu akaifumua ile kantha upande mmoja, akaifungua kama bahasha, na akataka kanga iingie ndani, baina ya sari na sari. Nilikataa. Nilijua kinachowekwa ndani: vipande vilivyotoboka, visivyofaa kuonekana. Sikutaka kumficha bibi yangu humo. Akanieleza kwa utulivu kwamba kanga ni nzito kuliko sari, ikiwa juu itamkwaruza mtoto, na maua yake ya chapa yatagombana na mishono, hakuna kitakachoonekana. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Uso wa juu utakojolewa, utafuliwa, utaanikwa, utachanika. Ukichanika, dada yako atatandika sari nyingine juu yake, au kanga, atapiga bandi upya. Ndivyo wanavyofanya, ndani ya kantha za kijiji kile mna kantha nyingine, za mama zao na bibi zao. Cha ndani hakifikiwi.

Nikaikata kanga mwenyewe. Mkono ulitetemeka kidogo kwenye pindo.

Nilifika Unguja mtoto ana siku arobaini na tatu. Mama aliikunjua kantha kitandani, akaigeuza nyuma, kama vile aliambiwa, akaitazama mishono. Halafu akaipeleka dirishani. Jua la saa nne lilipita kwenye sari, na ndani yake yakatokea maandishi, kinyumenyume, nusu yamekatwa na yungiyungi. Mama hakuuliza. Alilijua pindo.

Alisema lazima ilowe maji kwanza kabla mtoto hajalala juu yake, safari ina vumbi. Akaleta beseni, bila sabuni. Nilisimama nyuma yake wakati anaizamisha, na nilishindwa kukaa mpaka alipoitoa na kuikamua.

Maji yalitoka kama yalivyoingia. Mama akayamwagia mrihani wa mlangoni.